Hema la Buluu

Nyakerario alirudi kutoka Kisumu na karatasi moja. Juu yake alikuwa amenakili, akiwa amesimama katikati ya duka la vifaa vya kambi, kila kitu alichohitaji: hema la mtu mmoja, begi kubwa la mgongoni, mfuko wa kulalia, mkeka wa sponji, jiko dogo, sufuria nyepesi. Kando ya kila kitu aliandika bei. Msichana wa duka alimwacha aandike mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kwa upole kama angependa kuanza na chupa ya maji. Hata chupa hiyo ilikuwa ghali kuliko viatu alivyovaa.

Jumla yake ilikuwa shilingi elfu hamsini na mbili. Yeye alikuwa na elfu saba, alizopata kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu likizo nzima.

Alikuwa amehitimu mwaka uliopita, shahada ya utalii, na tangu hapo alikuwa ameandika barua za kazi mpaka karani wa posta pale Awendo akamzoea. Jibu la maana lilikuwa moja. Kule Magunga, karibu na hifadhi ya Ruma, kulikuwa na kikundi cha waongozaji wanaowapeleka wageni kutembea vilimani kwa miguu na kulala huko. Kila mwaka walichukua mwongozaji mpya mmoja au wawili. Barua yao ilikuwa fupi: mwombaji aje Jumapili ya mwisho ya mwezi, akaguliwe vifaa, kesho yake apande kilima. Aje na vifaa vyake vyote. Hatuazimishi. Aliyeitia sahihi alikuwa Mourine, mkuu wa kikundi.

Zilibaki wiki tano.

Mama yake, Bonareri, alikuwa na cherehani yake barazani mwa duka la nafaka, mahali ambapo matrela ya miwa hupita siku nzima yakidondosha mabua barabarani. Alikuwa amehamia Awendo kutoka Nyamira kabla Nyakerario hajazaliwa, na kwa sare za shule na magauni ya kanisani alikuwa amemsomesha bintiye mpaka chuo kikuu. Aliposikia habari ya kilima aliuliza kama mtu husoma miaka minne ili akalale nje. Nyakerario hakubishana. Alimpa tu ile karatasi.

Bonareri aliisoma polepole, akiisogeza mbali na macho. Alipofika kwenye mfuko wa kulalia alisimama.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni kama blanketi, mama. Limeshonwa pande tatu, unaingia ndani."

"Blanketi limeshonwa pande tatu."

"Ndiyo."

"Na mtu anauza hilo elfu tisa, bila aibu, mchana." Aliirudisha karatasi. "Niletee blanketi. Na usiende tena kwenye hilo duka, utaniletea ugonjwa."

Hivyo ndivyo mama alivyoingia katika jambo hilo, kwa hasira ya fundi, na Nyakerario hakujaribu kuituliza. Yeye mwenyewe alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amekulia umbali wa nusu siku tu kutoka vilima vile, na katika shule yake nzima hakumjua mtoto hata mmoja aliyewahi kulala juu yake na kuliona ziwa kutoka huko asubuhi. Watoto wa Nairobi walikuja. Wazungu walikuja. Watoto wa Awendo walibaki nyumbani, kwa sababu ya karatasi kama ile. Nyakerario aliamini, kwa namna ambayo ingewafanya wenzake wa chuo watabasamu, kwamba karatasi ile ilikuwa na uongo mwingi ndani yake, na kwamba mtu akiamua angeweza kuufuta mstari kwa mstari.

Akaanza kuufuta. Soko la mitumba la Migori lilimpa begi la mgongoni la kijivu, zipu imekufa na mikanda imeng'oka, kwa mia nne. Kwa fundi wa magari pale Awendo alipata mikanda ya usalama iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Fundi viatu akaishona mahali pa mikanda ile ya zamani, akaivuta kwa mguu ukutani kuijaribu, akasema begi litachanika yote kabla mikanda haijakatika. Sponji alipata vipande kwa mtengeneza makochi. Kuhusu nguzo za hema alifikiri siku mbili, kisha akainua macho akaona paa za majirani. Aerial za televisheni za zamani zilikuwa bado zimesimama huko, hazina kazi, na mabomba yake yalikuwa mepesi na imara. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba. Watu walimpa wakicheka, na mzee mmoja akamtaka apande mwenyewe akaichukue, naye akapanda. Vigingi alivitengeneza kwa spoku za baiskeli, na jiko kwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari.

Lililobaki lilikuwa hema lenyewe, na kwa ajili hiyo alikwenda Osiri.

Kule machimboni, kila shimo la dhahabu hufunikwa turubai lisiingiwe na mvua, na shimo likiisha turubai huuzwa. Muuzaji alikuwa kijana Mkuria aliyeitwa Gisiri, mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nyakerario alikuwa ameshaambiwa asichukue turubai lililotoka mahali pa kuoshea dhahabu, penye zebaki, kwa hiyo alimhoji Gisiri kuhusu kila moja mpaka kijana akamuuliza kama yeye ni polisi. Mwishowe yalibaki mawili safi, yote ya midomo ya mashimo. La kijani lilikuwa elfu moja na mia mbili. La buluu lilikuwa mia sita.

Gisiri alijaribu kumuuzia la kijani. Alisema linakaa vizuri na majani.

"Mimi sijifichi," Nyakerario alisema.

"Basi chukua buluu. Hata ndege ikipita itakusalimia."

Alilikunja, akalifunga kwa kamba, akarudi nalo nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa nusu ya bei. Usiku ule aliufuta mstari wa hema kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu.

Bonareri alivunja sindano tatu kwenye turubai lile. Alilipaka mafuta ya taa kwenye mishono, akalikaripia, akalitia chini ya mguu wa cherehani kama mtu anayemwogesha mbuzi. Alimaliza Ijumaa alasiri, jua likiwa bado juu ya kiwanda cha sukari. Kisha akafunika cherehani kwa kitambaa chake cheupe, kwa maana Sabato ilikuwa inaingia, na siku ya Sabato katika nyumba ile hapakufanywa kazi wala hapakujaribiwa kazi iliyofanywa. Hema likalala kwenye kona hadi Jumamosi jioni. Baada ya jua kuzama Nyakerario alilisimamisha mara moja, sebuleni, kati ya meza na kabati. Lilisimama. Wote wawili waliingia ndani wakakaa humo kidogo, magoti yakigusana, mama akisema hajawahi kuona chumba cha elfu kumi na nane kikishonwa kwa mia sita.

Jumapili saa tano alikuwa Magunga, begi mgongoni, akiwa amebakiwa na shilingi mia saba, nauli ya kurudi ikiwa ndani yake.

Mourine aliwangoja nje ya ofisi ya kikundi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, aliyekuwa askari wa wanyama kwa muda mrefu kabla ya kuacha, na alitembea kama mtu anayejua mahali pa kuweka kila mguu. Waombaji mwaka huo walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Wesley, kijana wa Homa Bay mjini, ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kila alichobeba kilikuwa kipya. Viatu vyake vilikuwa vipya kiasi kwamba vililia alipotembea.

Mourine aliwapeleka nusu saa kwa miguu mpaka uwanja wa kambi, ukingoni mwa bonde, vichaka vya migunga upande mmoja na majani marefu upande mwingine. Njiani Nyakerario aliona vitambaa vya buluu vyenye mistari myeusi vimetandazwa kwenye fito, kimoja hapa, kingine mbali kidogo. Alidhani ni mapambo ya mkutano wa injili uliokwisha. Hakuuliza. Alikuwa anahesabu kimya kimya hatua za kusimamisha hema.

Alilisimamisha kwa dakika nane, Wesley akiwa bado anasoma maelezo yake. Lilisimama limenyooka katikati ya majani makavu, buluu tupu. Nyakerario alirudi nyuma hatua tano kulitazama, na akaruhusu moyo wake ujisifu kidogo.

Kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mlio mfupi karibu na sikio. Kisha akachomwa shingoni, kama sindano yenye moto. Alijipiga, akatazama mkono; alikuwa nzi wa kahawia, ameshakufa, mabawa yamelaliana kama makasi yaliyofungwa. Alipoinua macho aliwaona nzi wengine. Walikuwa kwenye paa la hema, walikuwa kwenye mlango, walikuwa wanakuja kutoka vichakani mmoja mmoja na wawili wawili, wakitua kama watu wanaofika arusini.

Wesley alirudi nyuma. Mourine alikuja taratibu, mikono nyuma, akasimama karibu na hema.

"Nyar Kisii," alisema. Binti wa Kisii. "Umekuja kuongoza watu, au kututegea maugo?"

Nyakerario alikuwa anajipiga mkononi. Aliuliza maugo ni nini.

"Kwa Kiswahili mnawaita mbung'o. Umeona vile vitambaa vya njiani?"

"Nimeviona."

"Ulifikiri ni nini?"

Alimwambia ukweli, kwamba alidhani ni mapambo ya mkutano. Mourine alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akamweleza, na sasa hakuwa anacheka sana. Mbung'o wanapenda buluu kuliko rangi zote. Buluu huwavuta kutoka mbali, weusi huwafanya watue. Ndiyo maana bonde zima watu huwatega kwa vitambaa vile, vilivyolowekwa dawa. Mtoto wa darasa la kwanza wa bonde hili la Lambwe anajua usivae buluu kwenda kuchunga.

"Tofauti ni moja tu," alisema. "Vile vya njiani vina dawa, chako hakina. Vile vinawaua. Chako kinawalisha."

Nyakerario alijiona mjinga kuanzia unyayoni. Chuoni alisoma ndege, alisoma swala, alisoma sheria za hifadhi. Nzi hakumsoma. Kwao miwa ilikuwa miwa na Osiri ilikuwa mashimo, na buluu ilikuwa rangi ya bei rahisi.

Mourine alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na nusu. Alisema ukaguzi ni saa kumi na mbili kamili, kama barua ilivyosema, na swali lake siku zote ni moja: je, hema hili ningemlaza mgeni ndani yake? Ambaye hema lake halifai angepanda gari la mwisho la jioni kurudi kwao. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Basi Nyakerario aliangusha hema, akalikunja, likiwa buluu pande zote mbili, akaketi juu yake, akafikiri. Kulipaka rangi turubai hakukuwezekana, rangi ingebabuka. Kununua lingine hakuwa na pesa. Alichohitaji kilikuwa nguo ya kulivisha, nyeupe au ya udongo, kubwa, ya bei ndogo, na ipatikane Magunga siku ya Jumapili. Alipofikia hapo alisimama, akaacha vitu vyake vyote, akaondoka mbio.

Duka la Marcella lilikuwa wazi. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyekuwa anapima maharagwe huku akimsema mumewe ambaye hakuwepo. Nyuma yake palikuwa na rundo la magunia matupu ya sukari, meupe, ya plastiki iliyofumwa. Nyakerario aliomba manane. Marcella alisema yana wenyewe, wanunuzi wa mahindi. Kisha akamuuliza anatoka wapi.

"Awendo."

Marcella aliweka chini kopo la kupimia. "Unatoka Awendo, mji wa sukari, unakuja Magunga kununua gunia la sukari. Huko kwenu mnaiweka sukari mfukoni?"

Nyakerario alimweleza kwa kifupi yaliyompata. Marcella aliposikia rangi ya turubai alijishika kifua, akamwita mwanamke wa duka la pili aje asikie, na Nyakerario ikambidi asimulie tena tangu mwanzo, dakika zikienda. Lakini ile hadithi ya pili ndiyo iliyoshusha bei. Alipewa magunia manane kwa arobaini kila moja, na sindano ya gunia na kamba ya nailoni kwa sitini, na Marcella akamwambia wanunuzi wa mahindi watajua la kufanya. Nyakerario alihesabu mia tatu na themanini kutoka kwenye pesa za nauli. Alizitazama zilizobaki, akazitia mfukoni, akaacha kuzifikiria.

Saa nane na robo alikuwa kwenye pampu ya maji, na hapo ndipo alipotaka kuukata muda. Magunia yalionekana safi. Lakini mtoto wa Awendo anajua kwamba gunia la sukari halijawahi kuwa tupu; sukari hujificha kwenye mshono wa chini, na chungu huipata hata baada ya mwezi. Hakutaka kuwatoa mbung'o ili awaite chungu. Aliyapindua yote nje ndani, akayaloweka, akayasugua mishono kwa kidole gumba mpaka maji yakaacha kunata. Ilimla karibu saa nzima. Kisha akayapasua kwa kisu upande mmoja, yakawa shuka nane, akarudi nayo kambini akayaanika kwenye majani.

Alikuwa ameshona mawili kuwa moja Wesley alipokuja kuchuchumaa karibu naye. Alikuwa kijana mwenye haya, na alizungumza akitazama chini. Alisema hema lake limekuja na kifuniko cha pili, cha rangi ya khaki, hakihitaji. Kingetosha. Madam Mourine alikuwa amekwenda ofisini. Akirudi angeambiwa ni cha Nyakerario, na nani angejua.

Nyakerario aliacha sindano. Kifuniko kilikuwa pale, kwenye mfuko wake mdogo, chepesi, kimeshonwa na watu wanaojua. Dakika kumi na kazi ingekwisha. Mikono yake ilikuwa imeanza kutoka malengelenge.

"Asante sana, Wesley," alisema. "Kweli asante. Lakini nikikichukua nitapata kazi kwa kifuniko cha elfu kumi. Halafu nitawaambia nini watoto wa shule wanaotaka kuja huku bila elfu kumi?"

"Watoto gani?"

"Watakaokuja."

Wesley alitazama huku na huku kana kwamba labda wako vichakani. Kisha akauliza kama kumshikia kitambaa kinyooke nako kumekatazwa. Nyakerario aliwaza, akasema anaona hakujakatazwa. Kwa hiyo Wesley alishika pembe, naye akashona. Kila mara mbung'o alipotua kwenye suruali ya Wesley, iliyokuwa ya rangi ya buluu nzito, Wesley aliruka na pembe ikaponyoka.

Saa kumi na moja na nusu nguo ya magunia ilikuwa tayari, ikipungukiwa upande wa mlango. Pale alitundika leso ya mama yake aliyokuja nayo, ya rangi ya udongo. Alisimamisha hema, akalivisha. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza, na magunia yalipepea yakafunuka, buluu ikachungulia. Aliyafunga chini kwa vigingi. Juu yakaendelea kupepea. Zilibaki dakika kumi. Alichukua sindano akayashikiza juu ya mgongo wa hema mahali patatu, akipitisha mpaka kwenye turubai lenyewe. Alijua anachofanya. Alijua pia kwamba mama yake angepiga kelele.

Mourine alifika saa kumi na mbili kamili akiwa na kiti cha kukunja na ndoo ya maji. Aliketi mbele ya hema la Nyakerario, akatazama tu, kwa muda mrefu. Mbung'o wawili walikuja. Mmoja alizunguka akaondoka. Wa pili alikwenda kwenye suruali ya Wesley. Mourine aliinuka, akalikagua begi, akaning'inia kwenye mikanda ya gari kwa uzito wake wote, akaguna. Alilivuta bomba la aerial, akauliza ni nini, akaambiwa, akaguna tena. Kisha akainua ndoo akaimwaga yote juu ya hema.

Akaingia ndani kwa magoti. Alipotoka, kiganja chake kilikuwa kimelowa.

"Nani alitoboa juu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Upepo ungeyabeba magunia. Sikuwa na muda wa kutafuta njia nyingine."

Mourine alijipangusa mkono kwenye sketi. "Wewe mwenyewe niambie. Humu ningemlaza mgeni?"

Gari la mwisho lilikuwa bado halijaondoka. Alilisikia likipiga honi kule kituoni. Angeweza kusema mvua haitanyesha. Angeweza kusema ni matundu madogo.

"Usiku wa leo, hapana," alisema. "Nikishaziba, ndiyo. Naweza kuziba kwa nta ya mshumaa usiku huu, lakini blanketi limeshalowa. Leo mgeni angelala vibaya."

Wesley alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Basi leo lala wewe," Mourine alisema. "Ulale na maji yako. Asubuhi saa kumi na mbili ubebe kila kitu kama kilivyo, tuone kama kilima kitakukubali." Alikunja kiti chake, na alipokuwa anaondoka aliongeza bila kugeuka kwamba angemwambia dereva wa gari asimngoje mtu.

Asubuhi blanketi lilikuwa na uzito wa mtoto. Nyakerario alilikamua kadiri alivyoweza, akalifunga juu ya begi, na maji yakamtiririka mgongoni saa nzima ya kwanza. Njia ilipanda kupitia majani yaliyomfika kifuani, kisha mawe, kisha majani tena. Hakutazama juu. Alijiwekea mti mmoja mmoja: mpaka pale, halafu pale. Mikanda ya gari ilimkata mabega, lakini haikusogea hata kidole. Katika saa ya pili Wesley alianza kuchechemea. Viatu vile vipya vilikuwa vimemla visigino. Nyakerario alimwambia avue soksi, akampaka mafuta ya mgando, akamfunga kwa vipande vya leso. Mourine alisimama juu yao akinywa maji.

Walifika kileleni saa tano. Chini upande wa mashariki bonde lilikuwa limelala manjano, na mbali kabisa kundi la swala wakubwa lilikuwa linatembea kwa mstari. Upande wa pili lilikuwapo ziwa, jeupe kwa jua, kubwa kuliko alivyowahi kufikiri. Alitandaza blanketi juu ya jiwe likauke. Akaketi karibu nalo.

Mourine alikuja kuketi upande wa pili wa blanketi. Aliuliza vitu vile vyote vilikuwa vimemgharimu ngapi. Nyakerario alimwambia: elfu sita na mia sita na themanini, pamoja na magunia na nauli ya kuja. Mourine alimfanya arudie.

"Mwaka huu shule tatu zimeniandikia zikitaka kuleta watoto walale huku," Mourine alisema baadaye. "Shule za hapa hapa, Suba na Migori. Zote nimezijibu hapana. Mahema ya kukodi kutoka Kisumu yanazidi karo zao."

"Kuyashona yetu ningehitaji wiki sita," Nyakerario alisema. "Na mama yangu. Na mtu wa kuniambia mapema kila kitu ambacho huku kinauma."

"Kinachouma ni vingi."

"Nitaandika."

Mourine alicheka, safari hii kwa sauti ndogo. Alisimama, akajikung'uta majani, akamwita Wesley ambaye alikuwa amelala chali na miguu juu ya jiwe. Alisema mwaka huu kikundi kingechukua wawili, lakini mmoja wao apone visigino kwanza. Kisha akasogea kando ya njia, akamtazama Nyakerario, akanyoosha mkono kuelekea mteremko.

"Tangulia. Sisi ni wageni wako."

Nyakerario alilifunga blanketi, ambalo lilikuwa limekauka upande mmoja tu, akatia mabega kwenye mikanda. Mabega yaliuma mahali palepale. Alipita mbele yao, akashuka hatua kumi, akafika mahali ambapo changarawe ilikuwa imelegea juu ya mwamba. Alikanyaga kwa ncha ya kiatu, akajaribu kushoto, akajaribu kulia, akapata.

"Hapa panateleza," alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Pitieni kulia, penye majani. Mmoja mmoja."

Akangoja mpaka wote wawili wakapita salama, ndipo akaendelea.